Alama za SAT: nitume au niache?

Safu ya maswali ya wasomaji kuhusu masomo ya nje

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na kilio kimoja, SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, na vile vyuo vidogo vya sanaa huria vya Marekani, akina Amherst, Bowdoin, Williams na Carleton, vyuo ambavyo karibu kazi yao yote ni shahada ya kwanza na mwaka mzima vinachukua watoto mia tano hivi tu. Nimechagua nne.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilimaliza fomu foo mwaka jana nikapata A- kwenye KCSE, shule yetu ni ya kutwa na hakuna mtu amewahi kuomba chuo cha Marekani kutoka hapo. SAT nimefanya mara moja nikapata 1410, hesabu 760, kusoma na kuandika 650. Nataka Amherst na Bowdoin na nahitaji walipe karibu kila kitu. Sasa kwa magrupu ya WhatsApp naona watu wako na 1530, 1550, na rafiki yangu anasema nifiche tu hiyo yangu juu vyuo vimesema ni hiari. Nifanyeje? — Msomaji, Eldoret

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana, 760 ya hesabu kutoka shule ya kutwa ambayo haina hata mtu wa kukuonyesha fomu ni kitu kikubwa, usikubali mtu akuambie vingine.

Kwanza hiyo hiari si mtego. Bowdoin waliondoa sharti la alama tangu 1969, Bates wakafuata 1984, halafu korona ilipofunga vituo vya mtihani 2020 karibu vyuo vyote vya aina hii vikaingia. Na Bates walipokaa wakaangalia miaka yao 20 walikuta waliotuma alama na wasiotuma wanamaliza chuo kwa kiwango kilekile karibu kabisa, tofauti ya wastani wa maksi darasani ilikuwa 0.05 tu. Kwa hiyo mtu asiyetuma hasomwi kama mwongo.

Ila sasa sikia upande wa pili, maana hapa ndipo watoto wetu wengi wanajiumiza wenyewe. Zile 1530 unazoziona ni za waliotuma. Mwenye alama ndogo ameshajitoa, hahesabiwi, kwa hiyo kila mwaka ile namba inayotangazwa inapanda juu na anayefuata anaogopa zaidi na yeye anaficha, inapanda tena. Mwanzoni mwa 2024 chuo cha Dartmouth walitoa ripoti ya watafiti wao, na mojawapo ya mambo waliyokuta ni kwamba wanafunzi wa familia za kipato cha chini wenye alama za 1400 na kitu walikuwa wanazificha wakati zingewasaidia kuingia, kwa sababu ofisi ya udahili haiisomi 1400 ya mtoto wa shule ya ada kubwa sawa na 1400 ya mtoto ambaye shuleni kwao hakuna aliyewahi kuufanya huo mtihani. Baada ya hapo Dartmouth wakarudisha sharti. Ni kweli ile si Amherst, lakini watu wa udahili wa vyuo hivi wanasoma faili kwa namna hiyohiyo, shule yako kwanza halafu namba.

Kwa hiyo mimi ningekwambia tuma. Lakini kabla ya kutuma rudia mara moja kama pesa ipo, na nguvu zote ziende kwenye kusoma na kuandika. Huu mtihani wa sasa ni wa kompyuta, unafanyika kwenye programu ya Bluebook, na hiyo sehemu imekatwa vipande viwili, kila kimoja maswali 27 dakika 32. Ukifanya vizuri kipande cha kwanza cha pili kinakuja kigumu, na huko kwenye kigumu ndiko alama za juu ziko, ukiteleza cha kwanza unapewa rahisi na hata ukipata yote dari limeshashuka. Watu wanakimbia mwanzoni ili wabakishe muda, usifanye hivyo, tulia hapo hapo mwanzoni. Na vyuo vingi vinachukua hesabu nzuri ya siku moja na kusoma kuzuri kwa siku nyingine vinajumlisha, ile 760 haipotei.

Jambo la mwisho, pesa, na kusema kweli hili lina uzito kuliko hizo alama unazozililia. Amherst na Bowdoin hawaangalii mfuko wako wakati wa kuamua, hata kama wewe ni mgeni, na wakikuchukua wanafidia pengo lote kati ya gharama ya chuo na uwezo wa familia yako. Hivyo vyuo ni vichache mno. Vingi vilivyobaki vikifika kwa wanafunzi wa kimataifa vinaangalia nani anahitaji kiasi gani, na hapo mtoto mwenye 1550 anakataliwa kwa sababu bajeti imeisha. Omba sehemu nyingi, usibaki na hizo mbili.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Sisi tuko Minneapolis, binti yetu amesoma hapa hapa tangu chekechea, maksi zake za shule ni nzuri sana lakini SAT amepata 1290. Mshauri wa shule anasema asitume Carleton wala Macalester. Baba yake anaona kutotuma ni kama kukiri umeshindwa. — Mama, Minnesota

JIBU: Salama dada yangu. Mwambie shemeji amsikilize mshauri. Nimetoka kumwambia mwenzako wa Eldoret atume, kwako nasema tofauti kwa sababu binti yako yuko ndani ya mfumo wanaoujua vizuri. Chuo kinapata karatasi ya shule yake yenye masomo yote magumu yanayotolewa pale, kinaona yeye alichukua yapi, kinaona mwenendo wake wa miaka minne. Hizo ndizo zitambeba, na 1290 kwa Carleton itavuta chini faili ambalo lilikuwa limesimama vizuri.

Msiniamini mimi tu, angalieni wenyewe. Karibu kila chuo kinatoa hati ya takwimu za mwaka inayoitwa Common Data Set, ni bure, tafuta jina la chuo na hayo maneno, nenda sehemu C. Pale kuna jedwali linaloonyesha kila kitu wanachokipima, rekodi ya shule, esei, barua za walimu, alama za mtihani, na kila kimoja wameweka alama kina uzito gani kwao. Chini yake kuna alama za waliotuma, robo ya chini inaishia wapi na robo ya juu inaanzia wapi, na pia asilimia ngapi walituma. Kaeni nayo mezani na shemeji. Binti akiwa ndani ya hiyo nusu ya katikati, tumeni, akiwa chini ya robo ya chini na hana mazingira ya kuieleza, acheni, muda huo autie kwenye esei.

SWALI: Shkamoo Mwalimu, niko fomu siksi PCM, Tabora. Kufanya SAT naambiwa ni zaidi ya dola 100 na nauli ya kwenda Dar na pa kulala, mzee amesema atauza ng'ombe. Nimwache auze? — Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba. Hapana, ng'ombe abaki, angalau kwa sasa. Ule msamaha wa ada ya SAT ni wa wanafunzi walioko Marekani na raia wao, wewe haukufikii, na mzee asibebeshwe mzigo kwa mtihani ambao kwa vyuo hivi si lazima. Reed College kule Oregon ndio kabisa, hawaangalii alama hata ukizituma.

Kitakachokubeba ni matokeo, na hapo hesabu kalenda vizuri. Vyuo hivi dirisha la kawaida linafungwa mwanzoni au katikati ya Januari, mtihani wako wa NECTA ni Mei, matokeo ni Julai. Maana yake wao wanakusoma kwa cheti chako cha fomu foo, ripoti za fomu faivu na siksi, na makadirio ya walimu wako. Mfuate mwalimu wa taaluma mapema, usingoje Disemba shule imefungwa, umuombe ripoti zenye mhuri na barua ya walimu wawili wanaokujua kweli. Barua ya mwalimu wa fizikia anayeeleza siku uliyobaki maabara ukarudia jaribio mpaka likakubali ina kazi kuliko barua ya mkuu wa shule inayosema wewe ni mtiifu.

Kiingereza watauliza. Waandikie uwaambie sekondari yote umesoma kwa Kiingereza, baadhi wanakusamehe, wasipokusamehe mtihani wa Kiingereza wa Duolingo unafanyika kwenye kompyuta yoyote nzuri yenye intaneti na kamera, bei ni chini ya ule mwingine wa TOEFL. Na kama bado unataka kujua ungepata ngapi SAT, mazoezi ya Bluebook na Khan Academy ni bure, jipime kwanza. Ukijipima mara kadhaa ukaona unagonga 1500, hapo sasa kaa na mzee mzungumze upya.

SWALI: Coach, mimi nakimbia 5000, kocha wa chuo kimoja kidogo huko Massachusetts ameniandikia. Alama zinahusika tena hapo? — Msomaji, Iten

JIBU: Zinahusika sana ndugu yangu. Vyuo kama Williams na Amherst viko Division III, ngazi ya tatu ya michezo ya vyuo Marekani, na huko hakuna skolashipu ya michezo hata senti, pesa utakayopata ni ya mahitaji ya familia. Kocha anaweza kukusemea kwa watu wa udahili lakini uamuzi ni wao, na mara nyingi atakuomba matokeo na alama zako mapema, kipindi cha kiangazi, wazipitie kabla hajakupa nafasi kwenye orodha yake. Muulize wazi, kwa maandishi: udahili wamesomaje faili langu, na nikikosa alama fulani bado utanisemea? Akizunguka zunguka kwenye jibu, endelea kuandikia makocha wengine.