Mwanangu, kuhusu hili la mama kusahau majina

Meseji yako nimeisoma mwanangu, unauliza huku kusahau kwangu majina ni uzee tu au ndo dimenshia inaanza, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili kupungua uwezo, umezunguka weee ndo ukafika kwenye swali, mama yako haogopi kuulizwa bana.

Jina likikupotea alafu likakujia baadae unaoga, huo ni umri. We angalia hivi: ukinipa kidokezo nakumbuka? Ukisema "si yule alokuja na shemeji" nami nikaitikia aaah kumbe yule, basi lilikuwemo kichwani, limechelewa kutoka tu. Ila kama jana tumeongea jambo zima, unanikumbusha mwanzo mpaka mwisho na mimi nakukodolea macho kama sijawahi kulisikia, afu robo saa baadae nauliza tena lile lile, hapo usinionee aibu, nipeleke hospitali.

Na usikomae na kumbukumbu peke yake. Hela mara nyingi inawahi kuonesha, mtu alokuwa makini na hesabu zake anaanza kulipa bili mara mbili, chenji inamchanganya, kila tapeli akipiga simu anampata. Au anapotea njia anayopita kila siku. Wengine wanakumbuka vizuri tu ila tabia ndo imegeuka. Unilinganishe na mimi wa mwaka juzi, sio na jirani.

Nilipoenda kliniki ya presha niliomba wanipime na hilo, niko sawa, tulia. Wanakutajia maneno matano, wanakuchanganya na mambo mengine, alafu baada ya dakika kadhaa uyarudishe. Kuna na kuchora saa, mishale ioneshe saa tano na dakika kumi. Utaona mchezo wa watoto, lakini kuna watu mshale wa dakika wanaupeleka kwenye 10 badala ya 2, yani wamesikia kumi wakaenda kwenye kumi, kujizuia ndo kumeshindikana. Ukikosa bado sio hukumu, asiyelala vizuri au asiyesoma sana anaweza kupata maksi za chini na hana ugonjwa.

Daktari anatakiwa aangalie kwanza vinavyotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, sonona, dawa za usingizi. Na masikio! Baba yako unayesema nae anasahau, mi naona hata hajakusikia. Ila mzee akivurugikiwa ghafla ndani ya siku moja mbili, usikae kusubiri, inaweza ikawa maambukizi, mfano ya mkojo, kimbia nae siku hiyo hiyo.

Sa nikugeuzie na wewe. Mabadiliko ya Alzheimer, ile dimenshia inayopata watu wengi zaidi, kwenye ubongo yanaanza hata miaka 15 mpaka 20 kabla dalili hazijaonekana, na jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa, karibu asilimia 45 ya dimenshia ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa, humo mna presha, kolesteroli, sukari, sigara, masikio kutosikia vizuri. Umri wa kuyashughulikia mengi ya hayo ndo huo wako, sio wangu. Presha umepima lini? Usiniambie "nitaenda".