Maswali yenu: kwa nini seli ya kansa haielemewi ikafa?

Wiki iliyopita niligusia, kwa mistari miwili tu, kwamba seli ya kansa huishi ikiwa imezidiwa na protini zake yenyewe zilizokunjwa vibaya, hali ambayo wataalamu huiita stresi ya seli. Mistari hiyo imeniletea maswali mengi kuliko safu yote iliyobaki. Nayajibu niliyoweza.

Mwalimu, protini "kukunjwa vibaya" maana yake nini? (Mwanafunzi, Bagira)

Protini hutoka kiwandani ikiwa uzi mrefu, na uzi huo hauna kazi mpaka ujikunje upate umbo lake. Ukitaka kuona umbo likiharibika, pasua yai kwenye kikaango: ule ute unaogeuka mweupe ni protini zilizofunguka kwa joto zikanatana. Hazirudi tena. Ndani ya seli, protini za kupelekwa nje hukunjwa katika mtandao wa vijia uitwao retikulamu ya endoplazimu. Humo mna walezi, maarufu kati yao BiP, wanaoushika uzi uliolegea usije ukanata kwa wenzake.

Na zikirundikana, kwa nini seli ya kansa isife? (Huyo huyo)

Hapo ndipo penye utamu. Karibu na soko la Kadutu kuna fundi nguo ambaye wiki ya kuelekea Krismasi hupita kwake nikamtazama tu. Vitenge vimejaa hadi kwenye kiti cha wateja. Kwanza anasimama mlangoni: leo hapokei kitambaa kipya. Kisha anaita vijana wawili wa kupiga pasi na kukunja. Vipande vilivyokatwa upande vinasukumwa kwa mguu chini ya meza, jioni vinatupwa.

Seli hufanya karibu hivyo hivyo. Ina walinzi watatu: PERK hupunguza utengenezaji wa protini mpya, ATF6 na IRE1 huagiza walezi zaidi, na protini zilizoharibika hupelekwa kwenye proteasomu zikakatwekatwe. Waliofumbua sehemu kubwa ya mambo haya ni Peter Walter wa Marekani na Kazutoshi Mori wa Japani, waliopewa tuzo ya Lasker mwaka 2014. Lakini mrundo usipopungua, walinzi hao hao hugeuka wakaiamuru seli ijiue.

Uvimbe wa kansa hukua haraka kuliko mishipa ya damu, kwa hiyo oksijeni na sukari huwa haba, na kukunja protini kunaharibika. Seli nyingi za kansa hubaki kwenye hatua ya kwanza, ile ya kujiokoa, na kuikwepa ile ya kujiua. Zingine huutumia mwito huo huo kuita mishipa mipya ya damu. Sipendi kuuita ujanja, maana seli haina akili. Zilizoshindwa zilikufa zamani, sisi tunaziona zilizobaki.

Mume wangu alikuwa na mawazo mengi kabla ya kuugua. Ndiyo hiyo stresi? (Mama wa Kadutu)

Pole sana, mama. Hapana, neno ndilo limefanana. Stresi ninayoiandika ni ya kiwanda kidogo ndani ya seli, na seli haijui kodi ya nyumba wala ada ya watoto. Usijilaumu, wala usimlaumu yeye.

Tukimnyima mgonjwa sukari, kansa si itakufa njaa? (Kijana wa Panzi)

BiP ina jina jingine, GRP78, na herufi ya kwanza ni ya glukosi: katika miaka ya 1970 iligunduliwa ikiongezeka katika seli zilizonyimwa sukari. Yaani njaa ndiyo inayowaita walezi. Mpe mgonjwa chakula.

Kujifukiza kwa majani ya mikaratusi kunaunguza kansa? (Bibi wa Nyawera)

Mvuke, bibi, unafungua pua tu. Na seli ikipata joto kidogo hujikinga: mwaka 1962 Ferruccio Ritossa, Mwitalia, alieleza jinsi joto linavyoamsha jeni fulani katika nzi wa matunda, na baadaye ikajulikana kwamba jeni hizo huzaa walezi. Hata hospitali zinazotumia joto pamoja na mionzi huacha nafasi kati ya kikao na kikao, kwa sababu seli iliyopashwa jana leo ni sugu.

Mkubwa wangu ana miyeloma, ameandikiwa bortezomib. Inahusika na haya? (Msomaji, Nguba)

Inahusika moja kwa moja. Miyeloma ni kansa ya seli za uboho zinazotoa kingamwili, maelfu kila sekunde, kwa hiyo mrundo wao ni mkubwa siku zote. Bortezomib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, huziba proteasomu: taka hazitoki tena, seli inajizika yenyewe. Kwa uvimbe mgumu kama wa matiti matokeo yake yamekuwa hafifu.

Mambo mawili. Asichanganye dawa hiyo na majani yoyote bila kumwuliza daktari. Hata chai ya kijani imeonekana maabara ikiinyang'anya nguvu. Na nyayo zikianza kufa ganzi au kuwaka moto, aseme siku hiyo hiyo, dozi ipunguzwe au ipangwe upya. Anayevumilia kimya hadi vidole vishindwe kufunga vifungo vya shati anaweza kubaki na ganzi hiyo hata dawa ikiisha.