Kwa prodyuza anayeanza: msome Alec Empire kabla hujasaini

Kijana anayekuja studio kujifunza kutengeneza biti huniuliza kwanza anunue kompyuta gani. Mimi humwelekeza kwa Alec Empire, mwimbaji na prodyuza aliyezaliwa Berlin Magharibi mwaka 1972. Mwaka 1992, yeye, Hanin Elias na Carl Crack walianzisha kundi la Atari Teenage Riot, na jina hilo linakutajia kifaa chao.

Atari ST ilikuwa kompyuta ya bei nafuu ya miaka ya 1980. Ile ya 1040 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 1 tu, lakini ilitoka kiwandani na matundu ya MIDI, njia ya vyombo vya elektroniki kupeana maagizo, kwa hiyo ungeweza kuiunganisha na sampla (mashine ya kunasa na kurudia vipande vya sauti) au mashine ya ngoma papo hapo. Humo Empire alipanga ngoma za kasi na vipande vya gitaa la panki, yaani roki ya fujo, akavisukuma mpaka vikakwaruza. Mkwaruzo huo, ambao fundi mwingine angeufuta, aliuacha mbele kabisa. Kwa hiyo tumia ulichonacho, ukijue hadi mwisho wake. Programu mpya kila mwezi haitakupa sauti yako.

Kelele ile ilikuwa na sababu. Agosti 1992, huko Rostock-Lichtenhagen, Ujerumani, makazi ya waomba hifadhi na wafanyakazi wa Kivietinamu yalishambuliwa kwa siku kadhaa huku majirani wakishangilia. Kundi hili liliimba waziwazi dhidi ya Wanazi mamboleo, na ukilijua hilo, hutauliza tena kwa nini wanapiga makelele.

Sasa mkataba, na hapa naomba utulie. Mapema kabisa walisaini na Phonogram, kampuni kubwa ya muziki, wakapewa malipo ya awali. Walipotofautiana kuhusu muziki wenyewe, waliachana, na pesa ile haikulazimika kurudishwa. Empire aliitumia kuanzisha lebo, Digital Hardcore Recordings, mwaka 1994. Lebo hiyo ikatoa albamu za kundi lake, na pia kazi za EC8OR, Shizuo na Christoph De Babalon, watu ambao sidhani kama kampuni kubwa ingewasikiliza. Baadaye Grand Royal, lebo ya kundi la rap la Beastie Boys, ikazitoa nyimbo za kundi huko Marekani. Waliingia soko hilo tayari wakiwa na nyumba yao.

Nimeona wasanii wengi wakipokea malipo ya awali wakadhani ni zawadi. Mara nyingi ni deni linalokatwa kwenye mirabaha yako kabla hujaona shilingi. Uliza: nikiondoka, inarudishwa? Masta, yaani rekodi zako halisi, zitabaki kwa nani, na kwa miaka mingapi? Jibu likitolewa kwa mdomo tu, omba liandikwe.

Kuna kifungu kingine ambacho vijana hukiruka, kile kinachokufunga usifanye kazi popote pengine. Katika miaka hiyohiyo ya fujo, Empire alitoa muziki wa taratibu kabisa kwa jina lake kupitia Mille Plateaux, lebo ya Frankfurt, ikiwemo albamu aliyoirekodi Iceland mwaka 1995. Kama angekuwa amefungwa, kazi hizo zisingetoka. Kifungu hicho kikiwemo kwenye karatasi uliyoletewa, omba kiishie kwenye jina la kundi tu, na jina lako mwenyewe libaki huru.