Dawa ya kifua imemharisha mwanangu: je, ana mzio?

SWALI: Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Juma lililopita alipatwa na kichomi, akaandikiwa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha kwenye maji kwa siku tano. Tangu siku ya pili anahara choo chepesi cha njano mara nne kwa siku, hadi matako yamewiva. Siku hiyohiyo nilikuwa nimemlisha uji wenye dagaa waliosagwa na kijiko cha mawese. Bibi yake anasema dawa imemkataa, niiache na nimwachishe maziwa, kisha zahanati waandike kwenye kadi yake kuwa ana mzio. Nifanyeje? – Mama, Ujiji

JIBU: Shikamoo kwa bibi, lakini kwa hili la dawa tutampinga. Amoksilini haichagui bakteria. Inapoua wale wa kifuani, huua pia baadhi ya wale wema wanaoishi utumboni na kusaidia usagaji wa chakula, na ndiyo maana watoto wengi huhara kidogo katikati ya dozi na kupona wenyewe baada ya kuimaliza. Huo si mzio. Mzio wa dawa kwa kawaida hujionyesha kwa vipele vilivyovimba na kuwasha, midomo au macho kufura, mtoto kukoroma au kupumua kwa shida, mara nyingi ndani ya saa moja au mbili baada ya kumeza. Ukiona hayo, usimpe tena, mkimbize hospitali. Kama hayapo, mmalizie dozi, maana kichomi kilichotibiwa nusu ndicho cha kuogopwa.

Mpe maji ya chumvichumvi ya ORS, robo hadi nusu kikombe kila akishahara, kwa kijiko na polepole. Akitapika, subiri dakika kumi uanze upya. Pakiti nyingi huchanganywa na lita moja ya maji safi, lakini soma maelezo yake kwanza, na yakibaki hadi kesho yake uyamwage. Zahanati pia wakupe zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kutakoma mapema.

Kunyonya kuendelee bila mjadala. Maziwa ya ng'ombe ni suala jingine: ikiwa kila akinywa tumbo linajaa gesi na choo kinatoka kichachu na kuchoma, yapumzishe siku chache, kwani utumbo uliochokozwa hushindwa kwa muda kusaga sukari ya maziwa; mtindi huvumilika zaidi. Dagaa hawana kosa hapa wakiwa wakavu, wasionuka, na mchanga wa kuanikia umeoshwa vizuri. Mawese yapunguze tu, kwa kuwa mafuta mengi hulegeza choo.

Choo kikiwa na damu, macho yakididimia, akikataa kunywa, akitapika kila kitu au akianza kupumua haraka, usisubiri kesho.

Kuhusu kadi, naomba neno «mzio» lisiandikwe kwa sababu ya kuhara tu. Likishaandikwa, kila mhudumu atamkwepesha amoksilini kwa miaka, na atapewa dawa za ghali zaidi ambazo huenda nazo zikamharisha vilevile. Waandike kilichotokea: «alihara mara nne kwa siku, bila vipele, siku ya pili ya dozi.»