Karani mpya wa forodha: mashine ichape, wewe uhakiki

Ukianza kazi kwenye ofisi ya kliaringi (kutoa mizigo forodhani) hapa Mombasa, iwe Moi Avenue au Shimanzi, utasikia makarani wakiulizana kama kazi hii itakuwepo miaka mitano ijayo. Wasiwasi wao una msingi. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilipima kazi za aina nyingi na kukuta ukarani ndio ulio karibu zaidi na mdomo wa akili unde (AI): asilimia 24 ya majukumu yake yako wazi kabisa, na 58 nyingine kwa kiwango cha wastani. Kinachokwenda kwanza ni uchapaji, yaani kutoa namba kwenye ankara na kuzitia kwenye fomu. Kama sifa yako pekee ni vidole vyepesi, tafuta nyingine mapema.

Uhakiki ndio utakaobaki, na sababu yake ni ya kisheria. Kifungu cha 147 cha sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinamhesabu wakala kama mwenye mzigo, kwa hiyo ushuru unaweza kudaiwa kwake yeye. Programu ya akili unde haina leseni wala haiitwi kujieleza. Tena kosa halifi kontena likishatoka getini, kwa kuwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, wana miaka 5 ya kurudi kudai kilichopungua.

Anza na namba ya kontena. Bili ya shehena, yaani hati ya meli inayoeleza mzigo, mara nyingi huja ikiwa picha hafifu ya skana, na programu ikiisoma huchanganya 8 na 3, 0 na O, 5 na S. Bahati nzuri namba yenyewe ina kinga: herufi nne, tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya mwisho ambayo hutokana na hesabu. Kila herufi ina thamani yake. A ni 10, B ni 12, na kuendelea hivyo huku ukiruka 11, 22 na 33, hata U ikawa 32. Zidisha alama ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, kila mara ukiongeza maradufu mpaka 512. Jumlisha, gawanya kwa 11, kinachobaki ndicho tarakimu ya mwisho. Kikiwa 10, huandikwa 0. Jaribu CSQU3054383: jumla ni 6185, baki 3, sawasawa. Sasa ile 8 isomeke 3: jumla inakuwa 3625, baki 6, na hapo umeshajua kuna kasoro. Iweke hesabu hii kwenye Excel mara moja, itakutumikia siku zote. Namba mbovu ikiingia kwenye entri (tamko la mzigo kwa forodha) haitaoana na manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, na wakati unahangaikia marekebisho ada ya storeji inahesabu.

Ushuru nao una mtego wake. Kwetu thamani ya forodha ni bei ya bidhaa pamoja na nauli ya meli na bima. Marekani huhesabu bila nauli wala bima, na programu iliyosoma zaidi maandishi ya huko hujibu kwa mazoea hayo. Chukua bidhaa ya Sh1,000,000, nauli 150,000 na bima 10,000. Thamani ni 1,160,000. Ushuru wa asilimia 25 ni 290,000, na VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya 1,450,000, yaani 232,000. Ukianzia kwenye bei peke yake utapata 250,000 na 200,000. Umepunja Sh72,000, na mteja hatakuelewa ukienda kumdai baadaye.

Ada za IDF (ada ya tamko la uagizaji) na ya kuendeleza reli ndizo mbaya zaidi, maana hubadilika. IDF ilikuwa asilimia 3.5, ikashuka hadi 2.5 mwaka 2023. Ya reli ilishuka hadi 1.5 mwaka huohuo, kisha ikarudishwa 2 mwishoni mwa 2024. Programu itakupa yoyote kati ya hizo kwa ujasiri uleule. Viwango vitoe kwenye sheria inayotumika sasa, usiiulize programu.

Namba ya HS, ile inayotambulisha aina ya bidhaa: ukipewa ya tarakimu kumi, kuna uwezekano mkubwa imetoka kwenye orodha ya Marekani. Sita za mwanzo ni za dunia nzima, hizo zifanye pa kuanzia tu. Nane kamili zitafute kwenye kitabu cha ushuru cha Afrika Mashariki, na usome maelezo ya sura kabla ya kuamua. Tairi mpya ziko 4011, zilizotumika 4012. Ankara iliyoandikwa “tyres” tupu haitoshi kuamua, mpigie mteja.

Kuna kosa lisiloonekana kwa urahisi. Ankara ikisema katoni 480 na orodha ya upakiaji 478, ukazitia zote kwa pamoja, programu inaweza kukuletea jedwali safi lenye 480 pande zote mbili. Imekufichia tatizo lenyewe uliloajiriwa kulitafuta. Ipe programu kila hati peke yake, kwenye mazungumzo mapya, kisha linganisha mwenyewe idadi, uzito na namba za kontena.

Miezi mitatu ya kwanza andaa entri kwa mkono, hata ukichekwa. Baada ya hapo omba faili tano za zamani kila wiki, ipe programu, na uandike daftarini ilipokosea na kwa nini. Kabla ya kuipa, funika jina la mteja, PIN yake ya kodi na bei ya msambazaji. Sheria ya kulinda data ya 2019 ipo, na bei ya mteja ni siri hata bila sheria.

Na siku mwajiri akisema mashine imechukua nafasi yako, usitie saini barua ya kujiuzulu. Huko ni kupunguzwa kazi, na kifungu cha 40 cha sheria ya ajira ya 2007 kinataka notisi ya angalau mwezi mmoja, likizo ulizobakiza zilipwe, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Ukijiuzulu, hicho kiinua mgongo hukipati.