Vyuma na Kadio kwa Mwenye Dakika 150 kwa Wiki

Mtu anayeanza mazoezi ili apungue, na muda wake wote ni dakika 150 kwa wiki, huuliza swali moja: nikimbie au ninyanyue vyuma? Jibu letu ni kwamba vyuma vipewe siku zake kwanza na siku hizo zisiguswe. Kadio, yaani mazoezi ya moyo na pumzi kama kukimbia, ijaze nafasi inayobaki, na sehemu kubwa ya kadio hiyo iwe kutembea. Kupungua kwenyewe kutatoka zaidi kwenye sahani. Wengi hawaupendi mpangilio huu kwa sababu hesabu ya haraka inaonyesha kinyume chake, kwa hiyo tuanze na hesabu hiyo.

Mwenye kilo 80 akikimbia polepole nusu saa, kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, atamaliza kilomita 4. Kukimbia hugharimu takribani kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, kwa hiyo ametumia kama 320. Nusu saa ya vyuma, mapumziko yakiwemo, itamtumia kati ya 140 na 200. Dakika kwa dakika, kukimbia kumeshinda karibu mara mbili. Lakini usiishie hapo. Ukichukua dakika 60 za vyuma kwa wiki ukazigeuza za kukimbia, umeongeza kilokalori 300 hivi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takribani 7,700. Faida yako ya wiki nzima ni gramu 40 za mafuta, na vipande viwili vya mkate uliopakwa siagi vinaweza kuirudisha yote jioni ileile.

Hasara ya kuviacha vyuma ni kubwa zaidi. Mwili unaopewa chakula pungufu hauchukui mafuta peke yake, huvunja na misuli. Kwa asiyenyanyua chochote, sehemu isiyo mafuta inaweza kufika robo ya kilo zote zilizoondoka. Vyuma ndivyo vinavyoujulisha mwili kwamba misuli hii bado ina kazi. Hapa lazima tuseme kweli, kwa sababu wanaoanza huahidiwa mengi: kilo moja ya misuli iliyotulia hutumia kilokalori 13 hivi tu kwa siku. Usinyanyue vyuma ukitumaini kwamba misuli mipya itayeyusha mafuta ukiwa usingizini. Nyanyua ili kilo zinazoondoka ziwe za mafuta, na miguu ibaki na nguvu ya kukupandisha ngazi.

Siku za vyuma ziwe mbili, zisifuatane, kila moja dakika 40. Jumatatu na Alhamisi zinafaa. Kila siku fanya mwili mzima. Usigawe leo kifua, kesho mgongo, maana ukikosa siku moja kifua hakitaguswa wiki nzima. Unahitaji mienendo mitano tu: skwati (kuchuchumaa na kusimama) ukishika dambeli mbele ya kifua; kuinama kutoka nyonga mgongo ukiwa umenyooka, dambeli zikishuka karibu na mapaja, kisha kusimama; pushapu, na kama sakafu ni ngumu kwako egemea meza imara; kuvuta dambeli kuelekea kiunoni ukiwa umeinama; na kusukuma dambeli juu ya kichwa. Ongeza plenki mwishoni, yaani kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka.

Siri ya kumaliza kwa dakika 40 ni kuoanisha. Usifanye seti ya skwati, yaani marudio kadhaa mfululizo, kisha ukae dakika tatu ukitazama simu. Fanya skwati, pumzika sekunde 45, vuta dambeli, pumzika sekunde 75, rudi kwenye skwati. Miguu inapumzika wakati mgongo unafanya kazi. Mizunguko mitatu ya jozi moja huchukua kama dakika 10. Jozi ya pili ni kuinama nyonga pamoja na pushapu, nayo mizunguko mitatu. Ya tatu, kusukuma juu na plenki, mizunguko miwili inatosha. Tanguliza dakika 5 za kupasha mwili, na seti moja nyepesi ya kila mwendo kabla ya ule mzito. Usioanishe mienendo inayochosha sehemu moja, kwa mfano kuvuta dambeli na kuinama nyonga: kiuno kitachoka kabla ya misuli uliyoikusudia, na mgongo utaanza kujipinda bila wewe kujua.

Uzito unaokufaa ni ule unaokuruhusu kurudia mara 8 hadi 12, ukaiweka dambeli chini ukijua ungeweza mbili zaidi, si kumi. Andika kwenye daftari uzito na marudio ya kila seti. Seti zote tatu zikifika 12, ongeza uzito kwa kiasi kidogo kabisa kinachopatikana, marudio yatashuka hadi 8 au 9, kisha upande tena. Ukiwa nyumbani huna dambeli nzito, shusha mwili polepole kwa sekunde 3, au fanya skwati kwa mguu mmoja ukishikilia ukuta, au vaa begi lenye vitabu. Usizibe pumzi wakati wa kusukuma: toa hewa unapopanda. Kuziba pumzi hupandisha shinikizo la damu ghafla, na kwa mwenye presha hilo si jambo dogo.

Kosa tunaloliona zaidi ya yote ni kugeuza vyuma kuwa kadio. Mtu huchukua dambeli za kilo 2, anarudia mara 30 bila kupumzika, jasho linamwagika, anaondoka ameridhika. Jasho ni joto la mwili linalotafuta njia ya kutoka. Halisemi lolote kuhusu misuli. Kadio aliyoifanya hapo haikufika popote, na misuli nayo haikupata mzigo wa kuishtua. Ukiona pumzi ndiyo inayokusimamisha, na si misuli yenyewe, ongeza mapumziko kwa sekunde 30 na ongeza uzito.

Zimebaki dakika 70. Wiki nne za mwanzo zitumie zote kwa kadio nyepesi, mara mbili za dakika 35. Kipimo cha wepesi ni mdomo wako: uweze kuzungumza sentensi nzima, lakini usiweze kuimba. Ile kanuni ya 220 kutoa umri hukupa makisio ya mapigo ya juu ya moyo, na makisio hayo yanaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi. Mdomo ni mwaminifu kuliko saa ya mkononi. Kama una uzito mkubwa, chagua baiskeli, kuogelea au kutembea kwa kasi mlimani kabla ya kukimbia. Kila hatua ya kukimbia huuangusha mguu mmoja chini kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na mifupa ya muundi huzoea taratibu kuliko mapafu. Mwezi wa pili mtu anajiona ana pumzi, anaongeza kilomita maradufu, na wiki ya tatu muundi unauma kila anapogusa.

Baada ya wiki nne, badilisha moja ya siku hizo iwe ya vipindi vikali. Pasha mwili dakika 5, kisha sekunde 30 kwa nguvu, sekunde 90 polepole, mara 6, halafu dakika 3 za kupoa. Jumla dakika 20. Kipindi cha sita kiwe na kasi ya cha kwanza. Kikishuka sana, ulianza kwa pupa. Mara moja kwa wiki inatosha. Jina la Tabata limesambaa kila mahali, na wengi hulitumia kwa mazoezi yoyote ya sekunde 20 kazi na 10 mapumziko. Jaribio la mtafiti Mjapani Izumi Tabata na wenzake lililochapishwa mwaka 1996 liliwahusu vijana wenye mazoezi, wakiendesha baiskeli ya maabara kwa ukali ambao mtu hawezi kuufikia akirukaruka sebuleni. Na kalori zinazoendelea kutumika baada ya vipindi vikali zipo, ila ni chache. Faida ya vipindi ni kujenga pumzi kwa muda mfupi. Usivifanye ukidhani vinafuta chakula cha jioni.

Ukilazimika kuweka vyuma na kadio siku moja, vyuma vitangulie. Miguu iliyotoka kukimbia hushusha skwati kwa mkao mbaya, na ndipo goti na kiuno huumia. Wapo wanaoogopa kwamba kadio itaua nguvu zote. Hofu hiyo ina mzizi wa kweli: mwaka 1980 mtafiti Robert Hickson alionyesha kuwa waliochanganya vyuma na mazoezi makali ya ustahimilivu kwa wiki 10 waliongezeka nguvu mwanzoni, kisha wakakwama na kushuka wiki za mwisho. Lakini watu wale walinyanyua siku 5 kwa wiki na kukimbia au kuendesha baiskeli siku 6. Mwenye siku nne za dakika chache yuko mbali sana na mpaka huo.

Matembezi ya baada ya mlo hatukuyahesabu kwenye zile dakika 150, na hapo ndipo penye akiba kubwa. Mwenye kilo 80 akitembea kwa kasi ya kawaida dakika 10 baada ya kila mlo, mara tatu kwa siku, hutumia kama kilokalori 100 juu ya zile ambazo angezitumia ameketi. Kwa wiki ni 700, bila kubadili nguo wala kuoga upya. Kuna na sababu nyingine: anayejichosha sana asubuhi mara nyingi hukaa kitako siku yote iliyobaki bila kujitambua, na hesabu ikarudi palepale. Fuatilia hatua zako siku za mazoezi na siku za mapumziko. Kama siku za mazoezi zina hatua chache zaidi, unajikaba mwenyewe.

Kwa upande wa chakula, punguza kilokalori 300 hadi 500 kwa siku, si zaidi. Kasi nzuri ni asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito wako kwa wiki. Protini ifike gramu 1.6 kwa kila kilo: kwa kilo 80 ni gramu 128, zigawe kwenye milo mitatu au minne. Mwenye uzito uliozidi sana ahesabu kwa uzito anaoulenga, na mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari. Usile kwa kufuata tarakimu zinazoonyeshwa na mashine ya kukimbilia. Mara nyingi huzidisha, na hata zikiwa sahihi hujumlisha nishati ambayo ungeitumia umekaa.

Sasa mizani, inayowakatisha tamaa wengi katika wiki mbili za kwanza. Misuli isiyozoea vyuma huvimba kidogo ndani na kushika maji. Vilevile kila gramu ya glikojeni, yaani wanga unaohifadhiwa mwilini, huambatana na gramu 3 hivi za maji. Unaweza kupanda kilo 1 huku mafuta yakipungua. Jipime kila asubuhi baada ya kutoka msalani, chukua wastani wa siku saba, na ulinganishe wiki ya kwanza na ya nne. Pima pia kiuno usawa wa kitovu. Mwanamke alinganishe siku zinazofanana za mzunguko wake wa hedhi. Kiuno kikipungua na namba za daftari zikibaki palepale, uko sawa kabisa, maana kwa anayekula pungufu, kutoshuka nguvu ni mafanikio. Namba zikishuka kwenye mienendo mingi kwa wiki mbili mfululizo, usiongeze mazoezi. Tazama usingizi kwanza, kisha rudisha kilokalori 150 hadi 200.

Maumivu ya misuli yanayofika kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi ni ya kawaida. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kiungo kinachouma kwa ncha kali si ya kawaida: simama, utafute mtaalamu. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo na anayetumia insulini wapate ruhusa na maelekezo kabla ya seti ya kwanza.

Itafika wiki utakayobaki na dakika 40 tu. Kata vipindi vikali kwanza, kisha kadio ndefu, ubaki na matembezi ya baada ya mlo. Siku moja ya vyuma ibaki, na ukifupisha, punguza seti hadi mbili huku uzito wa dambeli ukiuacha uleule. Nguvu huhifadhiwa kwa mzigo mzito hata seti zikiwa chache, ila mzigo ukishushwa nazo hushuka. Wiki inayofuata anza pale daftari lilipoishia, bila kufidia ulichokosa.