Nini kimekwisha?

Swali la wiki: ni neno gani la Biblia umelielewa upya baada ya kujua Kiyunani chake? Langu ni tetelestai, neno la Yesu msalabani katika Yohana 19:30, ambalo tafsiri ya Union ya 1952 inalisema "Imekwisha".

Aliyenichokoza ni mtoto. Ijumaa Kuu moja, msomaji alipofika hapo na kanisa zima likatulia, binti yangu wa miaka sita akaninong'oneza: "Mama, nini kimekwisha?" Nikamwambia anyamaze. Nyumbani kwetu vinavyokwisha ni unga, gesi na vocha.

Kiyunani chenyewe hakitaji ni nini. Kitenzi ni teleo, kutimiza au kufikisha mwisho, kikiwa katika kauli ya kutendwa, na ile te- ya mwanzoni ni alama ya hali timilifu. Hapo Mswahili hahitaji darasa refu: mgeni "amekuja" bado yuko sebuleni; "alikuja" huenda keshaondoka. Yohana angeweza kuandika etelesthe, "ilitimizwa", habari ya jana. Akachagua te-, ambayo kwetu ni -me-.

Kazi iko kwenye kiambishi cha mbele. Sisi lazima tuchague: i-, ki- au ya-? Sasa rudi nyuma mistari miwili. Katika mstari wa 28 tetelestai hiyohiyo ipo, na safari hii ina kiima: panta, yaani "yote". Kwa Wayunani, neno la jinsi isiyo ya kiume wala ya kike likiwa katika wingi huchukua kitenzi cha umoja, kwa hiyo, ingawa tetelestai ni ya umoja, hakuna kinachozuia ya-. Ndiyo maana napenda "Yametimia!" ya tafsiri ya Habari Njema. Union wameandika "yamekwisha kumalizika" kule na "Imekwisha" huku, na msikilizaji hawezi kujua kwamba ni neno lilelile.

Wapo wahubiri wasemao eti lilikuwa neno la stakabadhi, "deni limelipwa lote". Teleo kweli hutumika kwa kulipa kodi, tazama Warumi 13:6. Lakini stakabadhi za mafunjo za Misri wanazozitegemea zina kifupisho tu, na wataalamu hukisoma kuwa kitenzi kingine, cha ushuru wa forodha. Yohana anazungumzia andiko kutimizwa, si risiti.

Binti nilimjibu siku mbili baadaye, tukiosha vyombo: "Yote."

Akasugua sufuria kidogo. "Yote yapi?"